Sifa Zimpasazo Mchunguzi wa Lugha na Desturi

Wako walimu wengi wapendao kuandika habari za lugha na desturi za watu wakaao kati yao, lakini si wote wafanikiwao. Elimu peke yake haitoshi. Mchunguzi sharti awe na sifa fulani, nazo ni hizi.

Ya kwanza ni unyenyekevu. Wahenga walisema, Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Johannes Rebmann, aliyefika pwani yetu mwaka 1846, alitaka kujua lugha ya watu wa Nyasa, nchi asiyopata kuiona. Akajifunza kwa mtumwa jina lake Salimini, aliyetoka huko. Hivyo mtu aliyehesabiwa kuwa si kitu akawa mwalimu wa msomi wa Ulaya.

Ya pili ni subira. Rebmann alikufa mwaka 1876, na kamusi ya lugha hiyo ikachapwa mwaka 1877. Mwenzake, Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka 1882, naye amekwisha kufariki mwaka 1881. Basi asiyekubali kupanda mti utakaoliwa matunda na wengine, kazi hii haimfai.

Ya tatu ni kujua kuuliza, na hapa ndipo wengi hukwama. Ukimwambia mzee, “Je, ninyi hufanya hivi?” huenda akajibu, “Ndiyo,” kwa adabu tu, asipende kumkanusha mgeni wake. Afadhali kusema, “Hufanyaje?” kisha kunyamaza. Neno ulilopata kwa mmoja kaulize kwa wa pili na wa tatu, kila mtu mbali. Wala usidhani kuwa wanaume wajua yote. Mambo ya uzazi na ya unyago wenyewe ni wanawake, nao wana haki ya kukunyima habari wasizotaka zienee.

Ya nne ni uaminifu wa kalamu. Mtu wa Mombasa humwita mwenziwe, “Ndoo!” Mwalimu aliyezoea Kiunguja atadhani ni kosa, aandike “njoo”, kwa kuwa kwake ndoo ni chombo cha maji. Kwa kusahihisha hivyo ameharibu ushahidi. Andika ulivyosikia; maelezo yako yaweke mbali.

Ya tano ni kutunza haki ya aliyekufundisha. Muyaka bin Haji, mtunga mashairi wa Mombasa, alikufa mwaka 1840. Mwalimu Sikujua alikusanya mashairi yake kwa watu, akamfafanulia W. E. Taylor maana yake; hata mwaka 1940 yakachapwa kitabu kwa kazi ya William Hichens. Pasipo Sikujua, hao wawili wangalipata nini? Basi mwenye kukupa habari mwulize kama apenda jina lake liandikwe. Akipenda, liandike, pamoja na mahali na siku.

Yafaa tukumbuke pia kwamba maandishi yetu husomwa na watoto shuleni. Mzee aliyefariki haulizwi tena, bali kosa lililochapwa huendelea kufundishwa kana kwamba ni kweli, hata wajukuu wake wakaamini kuwa ndiyo desturi yao. Kwa hiyo, kabla ya kupeleka makala kwa mchapaji, mrudie mzee, umsomee yote uliyoyaandika, naye akusahihishe.