Simu Janja na Kiswahili Chake: Jaribio la Mtumiaji wa Kawaida Mwembe Tayari

Utangulizi

Neno simu lina asili yake katika Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya. Waya wenyewe umekwisha kutoweka mikononi mwa watu, lakini jina limebaki. Hivyo ndivyo lugha inavyofanya: chombo hubadilika, neno likaendelea kukihudumia kwa kadiri wasemaji wanavyolielewa. Tatizo huzuka pale chombo kinapoleta mambo mengi mapya kwa mara moja, na kila jambo likahitaji jina kabla ya wasemaji kupata nafasi ya kulijadili. Simu janja ni chombo cha aina hiyo.

Makala haya yanafafanua jinsi simu janja iliyowekwa katika Kiswahili inavyoweza kujaribiwa na mtumiaji wa kawaida. Mahali palipochaguliwa ni Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa, sehemu ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa soko lake na kwa ofisi za mabasi ya bara. Mtumiaji wa kawaida hapa ni muuza matunda, hamali, utingo au abiria. Mtu aliyenunua simu ili imsaidie kazi, si ili aichunguze. Dai kuu la makala ni kwamba kipimo cha kwanza cha huduma yoyote ya simu ni neno linaloitambulisha. Neno likieleweka, mtumiaji hutenda alichokusudia. Neno lisipoeleweka, hutenda kilichokusudiwa na mwingine.

Juhudi za kuvifanya vyombo vya kisasa viseme Kiswahili si za jana. Mwaka 2004 mradi ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili. Mwaka 2009 Facebook nayo ikaanza kupatikana kwa lugha hii. Leo simu nyingi zinazotumia mfumo wa Android humwezesha mwenye simu kuingia katika Mipangilio, akachagua Kiswahili, na kwa kitendo hicho kimoja akaona maneno ya kioo kizima yakibadilika. Jaribio huanzia hapo.

Maneno ya Menyu

Baadhi ya maneno yanayojitokeza hayahitaji mwalimu. Pakua na pakia ni mfano bora. Hamali wa Mwembe Tayari amepakia magunia juu ya basi na kuyapakua tangu ujana wake. Nyumbani, chakula hupakuliwa kutoka chunguni. Anaposoma kwamba wimbo umepakuliwa, anaelewa kuwa kitu kilichokuwa kwingine sasa kimeshushwa kwake. Maana ya zamani imepanuliwa bila kuvunjwa.

Sasisha halikuwapo vinywani mwa wazee, lakini limeundwa kwa kanuni wanayoijua. Kutokana na haraka hupatikana harakisha. Kutokana na karibu, karibisha. Vivyo hivyo sasa huzaa sasisha, yaani kukifanya kitu kiwe cha sasa. Sakinisha, ambalo limetumiwa na baadhi ya matoleo kwa maana ya kuitia programu katika simu, nalo lina nasaba njema, kwa kuwa linatokana na kusakini, yaani kukaa mahali. Hata hivyo, kitenzi hicho ni nadra kusikika sokoni, na mtumiaji aliyezoea kusema weka hulazimika kusita. Ni dhahiri basi kwamba usahihi wa kisarufi na uelewekaji ni mambo mawili tofauti.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi pale huduma mbili zinazokaribiana zinapolinganishwa. Katika Android ipo huduma iitwayo Hali ya ndegeni na nyingine iitwayo Usinisumbue. Ya kwanza huzima mawasiliano ya simu yanayopitia hewani, nayo imetajwa kwa mahali, tena mahali ambapo watumiaji wengi wa Mwembe Tayari hawajapata kufika. Aliyepanda basi la usiku hana sababu ya kudhani kwamba neno la ndegeni lamhusu. Ya pili hunyamazisha milio na arifa, na jina lake ni sentensi kamili: u-si-ni-sumbu-e. Ndani ya neno hilo moja mna mtenda, ukanushi, mtendwa na dhamira. Kiambishi -ni- kinamrejelea mwenye simu, na anayeambiwa ni simu yenyewe. Mtumiaji husikia sauti yake mwenyewe ikitoa amri, kwa hiyo haulizi maana.

Lugha ya Bahari katika Huduma za Pesa

Huduma za pesa zimefuata njia nyingine. M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya na Safaricom mwezi Machi 2007, jina lake lilibeba neno ambalo kila msemaji alikuwa nalo. Majina yaliyofuata yalichotwa kutoka katika maisha, na baadhi yake kutoka baharini. Okoa Jahazi ni huduma ya kukopa muda wa maongezi. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ni ya akiba na mikopo. Mtu wa Mombasa hahitaji kuambiwa jahazi ni nini, wala shwari ni hali gani ya bahari. Aidha, usemi wa kuokoa jahazi ulikuwa tayari ukitumika kwa maana ya kunusuru jambo linaloelekea kuharibika.

Katika kundi hili, Hakikisha ndilo jina linalostahili sifa kubwa. Huduma hiyo ilipoletwa mwaka 2015, ilimwezesha mtumaji kuliona jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Neno limeundwa kama sasisha, kutokana na hakika, na linamweleza mtumiaji wajibu wake waziwazi: soma jina, ujue ni yeye. Muuza matunda anayemlipa mletaji wa maembe kwa nambari aliyoiandika harakaharaka hukingwa na neno hilo dhidi ya kosa la tarakimu moja.

Hata hivyo, neno linaloeleweka upesi si lazima liseme yote. Fuliza, iliyoanzishwa mwaka 2019, humwezesha mtu kukamilisha malipo hata kama salio lake halitoshi. Kufuliza ni kutenda mfululizo bila kukoma, na kwa upande wa malipo jina ni sahihi, kwa maana malipo hayakatiki. Kinachofuata ni deni lenye ada, na dhana ya deni haimo katika neno. Vilevile Okoa Jahazi hutaja uokozi, ilhali ada ya asilimia 10 huelezwa katika masharti. Hapa hakuna uongo. Kila jina limechagua kuangaza upande mmoja wa tendo. Mwanafunzi wa semantiki atatambua kuwa huu ni uteuzi wa maana. Mtumiaji wa kawaida naye hana budi kujifunza kuuliza: neno hili limenyamazia nini?

Simu Inaposikiliza Kimvita

Huduma nyingine inayofaa kujaribiwa ni kuandika kwa sauti. Mwezi Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili katika orodha ya lugha ambazo mtumiaji anaweza kuzinena na simu ikaziandika, na uchaguzi ukawekwa wa Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Kwa mtu ambaye mikono yake imeshika mzigo, au ambaye kuandika kwamchukua muda, hii ni faida kubwa.

Ni muhimu kueleza inavyofanya kazi. Mashine haisikii maana. Hulinganisha sauti iliyopokea na rekodi pamoja na matini ilizofunzwa, kisha huchagua maneno yenye uwezekano mkubwa zaidi. Kwa sababu hiyo huelemea upande wa lugha iliyoandikwa kwa wingi, yaani Kiswahili sanifu.

Athari yake kwa Mwembe Tayari inaweza kuonyeshwa kwa sentensi moja. Msemaji wa Kimvita akimwita hamali, husema: "Ndoo utukuwe mzigo." Katika Kiswahili sanifu sentensi hiyo ni: "Njoo uchukue mzigo." Kwa mashine iliyozoea sanifu, ndoo ni chombo cha kutekea maji, na utukuwe si neno la kawaida. Mashine ikiliandika ndoo kama lilivyosikika, kisha andiko likapelekwa katika programu ya tafsiri, hapatakuwa na ajabu mwito ukigeuka kuwa habari za chombo cha maji. Zaidi ya hayo, Kimvita hutofautisha kwa mpumuo kaa la moto na k'aa wa baharini, tofauti ambayo hati ya kawaida haiiandiki.

Historia ya jambo hili inarudi mji uleule. Mkutano wa mwaka 1928 uliokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, nyumbani kwa Kimvita. Uteuzi huo uliwapa Waafrika Mashariki lugha moja ya vitabu na shule, na bila huo pengine simu isingekuwa na Kiswahili cha kujifunza. Lakini gharama yake ndiyo hii: karibu karne moja baadaye, mtu azungumzaye lugha ya wazazi wake katika mji wake hulazimika kubadilisha matamshi ili simu yake imwelewe.

Hodi ya Programu

Jaribio zito kuliko yote ni la ruhusa. Tangu toleo la 6.0 la Android la mwaka 2015, programu inapotaka kutumia kamera, maikrofoni, mahali ilipo simu au orodha ya nambari, hulazimika kuomba. Kwa desturi ya Waswahili, mgeni hupiga hodi, akajulikana ni nani na ana haja gani, ndipo akakaribishwa. Kidirisha cha ruhusa ni hodi ya aina hiyo. Suala ni iwapo mwenyeji ameelewa haja ya mgeni.

Orodha ya majina na nambari za watu, katika Kiswahili cha Android, huitwa anwani. Programu basi huomba iruhusiwe kufikia anwani zako. Sasa mfikirie muuza matunda aliyeingiza programu ya mikopo ili apate mtaji wa asubuhi. Kwake yeye, anwani ni sanduku la posta, au mtaa na nyumba aishimo mtu. Anadhani anaulizwa anakoishi, na hilo si jambo la ajabu kwa mkopeshaji kuuliza. Isitoshe, kitenzi kufikia humwonyesha mtu aliyewasili mahali. Hakimwonyeshi aliyebeba kitu na kuondoka nacho. Anabonyeza Ruhusu. Alichokitoa ni majina na nambari za mama yake, wateja wake, imamu wake na wadai wake.

Madhara yake si ya kubuni. Nchini Kenya wakopaji wengi walilalamika kwamba jamaa na wakubwa wao wa kazi walipigiwa simu kuhusu madeni ambayo hawakuyajua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 iliweka msingi kwamba ridhaa sharti itolewe na mtu aliyefahamishwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoaji mikopo ya kidijitali zikakataza kutumia orodha ya nambari za mkopaji kuwasumbua watu wake. Hata hivyo, sheria hudai ufahamu, na ufahamu hupitia katika neno. Mtu aliyeridhia anwani akitolewa orodha ya jamaa zake, je, ameridhia nini?

Ikumbukwe pia mgeuko wa sauti uliopo. Katika Usinisumbue, mwenye simu huiamuru simu. Katika Ruhusu, programu humtaka mwenye simu atende. Maneno yote mawili yako katika umbo la kuamuru na huonekana kwenye kioo kimoja, lakini wenye kauli ni tofauti. Anayezoea kutii kila neno la kioo hukosa kutambua kuwa safari hii ni yeye anayeombwa, na kwamba anaweza kukataa. Laiti kidirisha kingeuliza, "Je, programu hii isome majina na nambari zote za simu ulizohifadhi?" sentensi ingekuwa ndefu kidogo, lakini hodi ingekuwa ya kweli.

Hitimisho

Jaribio hili limeonyesha kwamba neno la simu hufaulu linapotoka katika tendo ambalo mtumiaji analijua, kama pakua na Hakikisha, au linapokuwa kauli kamili, kama Usinisumbue. Hupungukiwa linapotaja mahali badala ya tendo, linapoficha nusu ya jambo, au linapochukua neno lenye maana nyingine iliyokwisha kukita mizizi.

Kazi iliyopo kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili haihitaji mtambo. Mtafiti anaweza kuketi na mtumiaji mmoja sokoni, akamwonyesha neno moja kwa wakati, na kumwuliza maswali matatu: neno hili lakutaka ufanye nini? Ukibonyeza, kitatokea nini? Ni nani atakayefaidika? Majibu hayo yana uzito sawa na pendekezo lolote la kamati ya istilahi. Vilevile, mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za wasemaji wa Kiswahili wanaojitolea, na msemaji wa Kimvita anayerekodi sentensi zake huiongezea mashine lugha ambayo vitabu havikuipa. Ama neno anwani, lingeweza kuwa la kwanza kupelekwa Mwembe Tayari na kuulizwa maana yake huko.