Dawa ya Barua Taka Si Kulipiza Kisasi

Ni wachache wenye anwani ya barua pepe ambao hawajakuta kisanduku chao kimejaa barua wasizoziomba: matangazo ya dawa bandia, bahati nasibu ambayo hawakushiriki, urithi wa tajiri wasiyemjua. Barua taka hizi hupoteza muda na, kwa asiye na tahadhari, humpotezea fedha. Si ajabu basi aliyeudhika akasema kwamba dawa ya moto ni moto. Makala hii inaeleza kwa nini, katika jambo hili, moto huo humwunguza aliyeuwasha pamoja na jirani zake.

Kwanza, anayelipiza kisasi hamjui adui yake. Anwani inayoonekana kuwa ya mtumaji inaweza kughushiwa kwa urahisi, kama vile mtu awezavyo kuandika jina la jirani nyuma ya bahasha. Tena, barua taka nyingi hutumwa kupitia kompyuta za watu wasio na habari, zilizoambukizwa programu haribifu. Anayerudisha barua elfu moja za matusi huenda anamtesa mwalimu ambaye anwani yake imetumiwa bila idhini yake. Na iwapo mhalifu mwenyewe ndiye atakayezipokea, majibu hayo yatamthibitishia kwamba anwani yako ni hai, naye ataweza kuiuza kwa wenzake.

Historia nayo inatufunza. Mwishoni mwa mwaka 2004, kampuni ya Lycos Europe iliwagawia watu programu iliyozilemea kwa maombi mfululizo tovuti zilizotangazwa kwa barua taka, ili kuwaongezea gharama wenye tovuti hizo. Baadhi ya tovuti zilizimika kabisa, na mojawapo ikayageuza maombi hayo yaielekee Lycos yenyewe. Kufikia Desemba mwaka huohuo, mpango ulikuwa umesitishwa.

Mwaka 2006 yalitokea makubwa zaidi. Kampuni ya Blue Security ya Israel ilikuwa na wanachama wapatao nusu milioni. Kwa kila barua taka waliyopokea, programu yake ilipeleka malalamiko kwenye tovuti iliyotangazwa. Mwezi Mei, watuma barua taka waliwatishia wanachama, kisha wakaishambulia kampuni. Kampuni ilipouelekeza mtandao wake kwenye ukurasa uliohifadhiwa na kampuni nyingine, shambulio likafuata huko, na huduma za TypePad na LiveJournal, zilizotumiwa na watu wengi wasiohusika na ugomvi huo, zikazimika kwa saa kadhaa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mwezi huohuo Blue Security iliifunga huduma yake.

Upande wa sheria, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ya mwaka 2011 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini, na pia kuzuia matumizi yake halali. Kosa la aliyekuanza halikupi wewe ruhusa ya kutenda kosa. Anayevamia kompyuta ya mtuma barua taka aweza kujikuta kizimbani, ilhali yule aliyemchokoza yuko huru.

Hapa ndipo lilipo suala la maadili. Kujilinda ni haki ya kila mtu. Kulipiza kisasi ni kujifanya mlalamikaji, hakimu na askari jela kwa wakati mmoja, tena bila kusikiliza upande wa pili.

Raia afanye nini, basi? Asijibu barua taka, wala asifungue viungo au viambatisho vyake. Aitie alama ya barua taka ili mtoa huduma aweze kuzichuja nyingine za namna hiyo. Abadilishe nywila yake iwapo alishaitoa. Kama amepoteza fedha au ametishiwa, asiifute barua hiyo: aihifadhi kama ilivyo, pamoja na maelezo kamili ya njia iliyopitia, kwa kuwa huo ni ushahidi. Aijulishe benki au kampuni ya simu mara moja, kisha aripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Barua moja iliyohifadhiwa vyema yaweza kumsaidia mpelelezi kuliko elfu moja za matusi. Hasira ni hasara. Ushahidi ni silaha ya raia mwema.