Jeshi la Mezani: Namna ya Kupaka Rangi Askari Wako wa Kwanza

Wiki hii twazungumzia jeshi lisilodai posho wala likizo. Ni askari wa plastiki, kila mmoja ana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, ambao shemeji yangu alituletea kutoka Ubelgiji ndani ya kisanduku kimoja. Tangu siku hiyo meza yetu ya chakula hapa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, imekuwa kiwanja cha gwaride.

Mama watoto hakufurahi. "Vita tulivyoviona katika nchi hii havikututosha, hata tuvilete mezani?" aliuliza. Swali hilo halipuuzwi katika Burundi, ambako vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha wajane na mayatima wengi. Nilimweleza kwamba mchezo huu kwa asili ni shule ya maofisa: mwaka 1824 Luteni von Reisswitz alilionyesha jeshi la Prussia mchezo wa vita wa kuchezwa juu ya ramani, nao ukapokewa kuwa chombo cha mafunzo. Naye H. G. Wells, Mwingereza aliyechapisha kanuni za vita vya askari wa kuchezea mwaka 1913, alimalizia kitabu chake kwa kuvilaumu vita vya kweli. Mama watoto alisikiliza, akaondoa sahani zake, akatuachia nusu ya meza.

Mwanangu alichagua mwaka 1916, kwa kuwa vita vya mwaka huo vilipita hapa hapa. Mwezi wa Juni majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa, yakawafuata Wajerumani hadi Kitega, na mwezi wa Septemba yakaiteka Tabora. Pande zote mbili, waliobeba bunduki walikuwa Waafrika kwa wingi.

Askari wetu kumi wa kwanza waliharibika, na kosa ni langu mimi niliyetaka kuwamaliza kwa jioni moja. Plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta, na rangi iliyopakwa juu yake hubanduka kama ganda la kitunguu. Basi, waosheni kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mkiwasugua kwa mswaki wa zamani, kisha waacheni wakauke usiku kucha. Mgandisheni kila askari juu ya kifuniko cha chupa ya Primus, mpate mahali pa kumshikia. Mpakeni gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji; ikikauka, rangi itapata pa kushika.

Rangi nayo izimuliwe. Tabaka mbili nyepesi hushinda moja nzito, ambayo huziba macho na vifungo. Wapangeni watano watano, mpake suruali zote, kisha makoti yote, kisha bunduki. Umeme ukikatika, acheni kazi, kwa maana mwanga wa mshumaa hudanganya rangi. Mwisho chukueni kahawia iliyozimuliwa sana, muipitishe juu ya sare yote: itatulia katika mikunjo na kufanya kivuli. Hapo ndipo kipande cha plastiki huanza kufanana na mtu.

Sare za askari wa Kijerumani ni za khaki, hata tarbushi hufunikwa kwa kitambaa cha khaki. Askari wa Kongo walianza vita hivyo wakiwa na nguo za buluu na tarbushi nyekundu, ndipo baadaye wakapewa khaki.

Katika rangi alizoleta shemeji kulikuwa na kichupa kilichoandikwa "ngozi". Mwanangu alikifungua, akakuta rangi ya waridi. "Baba, hii ni ngozi ya nani?" Tulikiweka kando, tukachanganya kahawia na tone la nyekundu, kila uso kwa kipimo chake, maana hata katika kikosi kimoja watu hawalingani.

Swali lililofuata lilikuwa la mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma yetu. "Na mizigo yao nani anaibeba?" Kisandukuni hamkuwa na mchukuzi hata mmoja. Ilhali vita vile vilikwenda kwa vichwa na mabega ya wachukuzi, waliokufa maelfu kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zina majina yake kutokana na kikosi chao upande wa Waingereza. Babu ya mama yake, alisema, alichukuliwa kubeba masanduku kuelekea Tabora, na nyumbani hawakumwona tena. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimelisikia hilo.

Siku ya pili alileta udongo wa mfinyanzi. Huviringishwa juu ya kijiti cha kiberiti, hukaushwa kivulini ili usipasuke, kisha hupakwa gundi na rangi kama wale wengine. Mzigo ni kipande cha kijiti kilichofungwa uzi. Hadi naandika haya wachukuzi wamefika ishirini na wanne, nao askari ni kumi na wanane, na meza yote sasa ni ya mama watoto. Chakula twalia mkekani.