Kadi ya Chama na Hesabu za Taifa

Katika mengi yaliyoandikwa kuhusu sakata la Akaunti ya Tegeta Escrow, ambalo Bunge la Tanzania lililijadili Novemba 2014, limo jambo moja ambalo halijatazamwa kwa uzito unaolistahili, nalo ni hali ya viti vya wabunge wawili waliolibeba sakata hilo tangu kuibuliwa kwake hadi maazimio yalipopitishwa. David Kafulila wa Kigoma Kusini, aliyelishikilia bungeni hadi likasikika nchi nzima, alikuwa amewahi kuvuliwa uanachama na chama chake cha NCCR-Mageuzi Desemba 2011, akabaki mbunge kwa sababu Mahakama Kuu iliuzuia uamuzi huo usitekelezwe. Zitto Kabwe wa Kigoma Kaskazini, aliyesoma taarifa ya uchunguzi akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, yaani PAC, alikuwa amelindwa tangu Januari mwaka huo na zuio la mahakama lililokikataza chama chake, Chadema, kujadili uanachama wake. Uchunguzi wa zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotolewa Benki Kuu uliongozwa, kwa hiyo, na watu ambao ubunge wao ulikuwa umenusurika kwa amri za mahakama.

Hali hiyo inatokana na Katiba yenyewe. Ibara ya 67 inamtaka kila anayegombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho, na Ibara ya 71 inasema kwamba mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomwingiza bungeni hupoteza kiti chake. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, maana yake ni kwamba wapiga kura wa jimbo wanaweza kumpa mtu kiti kwa kura maelfu kwa maelfu, na kikao cha viongozi wachache wa chama kikakiondoa kwa kuchukua kadi yake. Katika chama kikubwa, anayefukuzwa huacha wenzake wengi bungeni. Katika chama chenye mbunge mmoja au wanne, kadi moja ikichukuliwa huenda sauti yote ya chama hicho ikanyamaza.

Umuhimu wa sauti hiyo huonekana zaidi katika kamati za hesabu kuliko katika ukumbi wenye kamera. Kila mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi humtaja kwa kifupi cha CAG, humkabidhi Rais ripoti zake, nazo huwasilishwa bungeni Aprili. Ndani yake mna hati, yaani maoni ya mkaguzi kuhusu vitabu vya kila taasisi, na ndizo hizo ambazo wananchi huzijua kwa majina ya hati safi, hati yenye shaka na hati chafu. Mna pia hoja za ukaguzi, yaani maswali ambayo mkaguzi ameyauliza na hayakujibiwa kwa vielelezo. Kamati huwaita maafisa masuuli, ambao ni makatibu wakuu wa wizara na wakurugenzi wa halmashauri wanaowajibika kisheria kwa kila shilingi, na kuwataka waeleze hoja moja baada ya nyingine: stakabadhi iko wapi, mkandarasi alilipwa kwa kazi ipi, kwa nini malipo yalitangulia mkataba. Mwenyekiti ndiye anayeongoza mahojiano hayo, ndiye anayeamua kama jibu limetosha au afisa arudi na nyaraka, na ndiye anayesimama bungeni kusoma kile ambacho kamati imekibaini. Hapo idadi ya wabunge wa chama chake haina kazi kubwa, kwa sababu stakabadhi isiyokuwepo haipatikani kwa kupiga kura.

Kwa desturi ya mabunge ya Jumuiya ya Madola, ambayo Tanzania iliifuata, uenyekiti wa kamati hizi hupewa upinzani, na ndipo lilipotokea jambo lisilo la kawaida. Baada ya uchaguzi wa 2010, Chadema iliunda peke yake Kambi Rasmi ya Upinzani, ambayo kwa Kanuni za Bunge ilihitaji asilimia 12.5 ya wabunge wote, na kuviacha nje vyama vingine vya upinzani. Februari 2011 Bunge lilibadili kanuni zake ili wabunge wa vyama hivyo nao waweze kuongoza kamati za hesabu, na wabunge wa Chadema wakatoka ukumbini kwa kupinga. Matokeo yake, John Cheyo wa Bariadi Mashariki, mbunge pekee wa UDP, akawa mwenyekiti wa PAC, na Augustino Mrema wa Vunjo, mbunge pekee wa TLP, akawa mwenyekiti wa LAAC, kamati inayokagua hesabu za serikali za mitaa. Mrema alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, na katika uchaguzi wa rais wa 1995 alipata zaidi ya robo ya kura zote akiwa NCCR-Mageuzi. Sasa, akiwa peke yake katika chama chake kati ya wabunge zaidi ya 300, alikuwa na mamlaka ya kumhoji mkurugenzi wa halmashauri yoyote nchini. Kamati ya tatu, ya mashirika ya umma, iliongozwa na Zitto.

Hoja ya Chadema wakati ule haikuwa nyepesi. Wajumbe wengi wa kila kamati walitoka CCM, na wao ndio waliompigia kura mwenyekiti. Chama tawala, kwa mtazamo huo, kilikuwa kikijichagulia mpinzani wa kukikagua, na mbunge asiye na wenzake nyuma yake angeweza kuonekana mwepesi kuzoeleka. Hata hivyo, Aprili 2012 taarifa za kamati hizo tatu zilipojadiliwa, mjadala uliwaka hadi Zitto akakusanya saini zaidi ya 70, zikiwamo za baadhi ya wabunge wa CCM, kwa ajili ya hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Hoja yenyewe haikufikia kupigiwa kura, lakini Mei 2012 Rais Jakaya Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri sita. Cheyo na Mrema walikuwa wamefanya kazi waliyopewa, na uchache wao haukuifanya kazi hiyo kuwa haba.

Mtu aliyeifanya kazi hii ya kuhoji hesabu kutoka pande zote, ndani ya chama kikubwa cha upinzani na baadaye peke yake katika chama kidogo, ni Zitto, na fikra yake kuhusu ubunge inaweza kufuatwa katika matendo na kauli zake za hadharani. Agosti 2007, katika muhula wake wa kwanza, alitaka Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, akasimamishwa ubunge hadi Januari iliyofuata. Mwaka 2011 alikataa posho za vikao, kwa hoja kwamba kukaa kikaoni ndiyo kazi ambayo mbunge tayari analipwa mshahara kuifanya. Kamati za PAC na ile ya mashirika ya umma zilipounganishwa mwaka 2013, alikabidhiwa uenyekiti wa PAC mpya, na Oktoba mwaka huo akavigeukia vyama vyenyewe: alieleza kwamba zaidi ya shilingi bilioni 67 za ruzuku, yaani fedha za umma ambazo vyama hupewa kulingana na kura na viti, zilikuwa zimetolewa kwa vyama tisa kwa miaka minne bila hesabu zilizokaguliwa kufikishwa kunakotakiwa. Chadema ilikuwa miongoni mwa vyama hivyo. Kwake yeye mkaguzi hakuwa na ruhusa ya kuchagua wa kumkagua, na msimamo huo unastahili heshima hata kwa asiyekubaliana na siasa zake.

Mwezi uliofuata Chadema ilimvua nyadhifa zake, ikimtuhumu kuhusika na waraka wa siri wa kuupindua uongozi wa chama. Kama madai ya ruzuku yaliharakisha uamuzi huo au hayakuwa na uhusiano nao wowote, ni swali ambalo kila upande umelijibu kwa namna yake. Lililo wazi ni kwamba kuanzia hapo mwenyekiti wa PAC alitegemea mahakama ili aendelee kuwa mbunge, na kwa hali hiyo ndipo alipopokea, Novemba 2014, ripoti maalumu ya CAG kuhusu Escrow.

Akaunti hiyo ilikuwa imefunguliwa Benki Kuu kuhifadhi fedha zilizobishaniwa kati ya shirika la umeme la Tanesco na kampuni ya kufua umeme ya IPTL, hadi itakapoamuliwa nani anamdai nani. Fedha zilipotolewa mwishoni mwa 2013, Serikali ilishikilia kwamba zilikuwa mali ya kampuni binafsi. Kafulila aliliandama suala hilo hadi Juni 2014 Mwanasheria Mkuu wa Serikali akamwita tumbili ndani ya Bunge, naye Kafulila akamjibu kwa kumwita mwizi. Taarifa ya PAC, iliyosomwa na Zitto kwa kupokezana na makamu wake kutoka CCM, Deo Filikunjombe, ilisimama juu ya matokeo ya ukaguzi na kuhitimisha kwamba sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya umma. Bunge lilipitisha maazimio manane. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu Desemba, Waziri wa Ardhi akaondolewa mwezi huohuo, na Waziri wa Nishati na Madini akajiuzulu Januari 2015, wote wakikana kutenda kosa.

Machi 2015 mahakama iliitupa kesi ya Zitto, Chadema ikamtangaza kuwa si mwanachama, na ndani ya mwezi huohuo akaliaga Bunge. Ripoti aliyoisoma ilibaki katika kumbukumbu, lakini aliyeisoma hakuwa mbunge tena, ingawa wananchi wa Kigoma Kaskazini hawakuulizwa. Oktoba mwaka huo alirudi kupitia Kigoma Mjini akiwa mbunge pekee wa ACT-Wazalendo, kama James Mbatia wa Vunjo alivyokuwa pekee wa NCCR-Mageuzi. Uenyekiti wa PAC haukurudi mikononi mwake, na chama chake, kikiwa hakijafikia asilimia 5 ya kura inayohitajika kupata viti maalumu vya wanawake, hakikuwa na wa kumwongezea nguvu. Ndipo alipoihamishia kazi ya kamati nje ya kamati: Aprili 2018 aliichambua ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2016/17 mbele ya waandishi wa habari na kuuliza ziko wapi shilingi trilioni 1.5, tofauti kati ya makusanyo na matumizi. Serikali ilikanusha kwamba kuna fedha iliyopotea na ikatoa maelezo ya kihasibu. Swali la mbunge mmoja lilikuwa limelazimisha jibu la wizara. Katika uchaguzi wa 2020, ambao matokeo yake chama chake kiliyapinga, hakurudi bungeni.

Yanabaki maswali ambayo historia hii fupi haiyamalizi. Je, mbunge anayelindwa na mahakama dhidi ya chama chake bado anakiwakilisha chama, au anawawakilisha wapiga kura tu, na kama ni wapiga kura tu, kwa nini Katiba ikitegemeze kiti chao kwenye kadi? Je, wingi wa wajumbe unaompa mbunge wa chama kidogo uenyekiti leo utamwachia kesho akigusa pasipoguswa?

Baadhi ya majibu hayahitaji kubuniwa upya. Kanuni za Bunge zinaweza kuuwekea uenyekiti wa kamati za hesabu ulinzi unaodumu kwa muhula mzima, na Katiba inaweza kutamka kwamba anayefukuzwa na chama, tofauti na anayekihama kwa hiari, abaki na kiti hadi wapiga kura wake waamue. Kuhusu mgombea binafsi, yaani anayegombea bila chama, Kenya ilishamruhusu katika Katiba yake ya 2010, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika kesi aliyoifungua Mchungaji Christopher Mtikila, iliamua kwamba kumzuia ni kukiuka haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake. Hukumu hiyo ilitolewa tarehe 14 Juni 2013 na mahakama yenye makao yake Arusha, na wabunge wa Tanzania wana wajibu wa kuitekeleza.