Simu inapojaa matangazo, mega ni zako zinazoliwa

Kalemie. Unafungua simu usome habari za boti iliyotoka Moba. Kabla hujamaliza mstari wa kwanza, dirisha linafunika kioo chote na kukuambia simu yako imejaa virusi. Unalifunga, linakuja la kamari. Unalifunga na hilo, unapelekwa kwenye ukurasa usioujua. Jioni mega ulizonunua asubuhi zimekwisha, na hukusoma lolote.

Kwa wengi mjini hapa simu ndiyo kompyuta, na mega hununuliwa kidogo kidogo kwenye kabini. Kwa hiyo tangazo la namna hii si kero ya macho tu. Aliyelituma analipwa, na gharama ya kulipakua unaibeba wewe.

Ukimpelekea fundi, mara nyingi jibu ni moja: tufute yote. Picha zinakwenda, namba za wateja zinakwenda, sauti za watoto walioko Lubumbashi zinakwenda. Tena mara nyingi haikuwa lazima.

Anza na kivinjari chenyewe. Kurasa za mpira na filamu za bure hupenda kukuambia ubonyeze "Autoriser" ili uthibitishe kwamba wewe si roboti. Ukibonyeza, umeuruhusu ukurasa huo kukutumia ujumbe hata ukiwa umeufunga. Hicho si kirusi, ni ruhusa uliyoitoa, na unaweza kuinyang'anya. Katika Chrome gusa vitone vitatu vya juu, ingia "Paramètres", kisha "Paramètres des sites", kisha "Notifications". Utaona orodha ya kurasa ulizoruhusu. Usioujua, uzuie. Kazi ya dakika mbili, bila franka hata moja. Mwaka 2020, kuanzia Chrome 84, Google ilianza kubana kurasa zinazotumia vibaya ruhusa hiyo, lakini simu ambayo haijasasishwa miaka mingi kwa kuogopa kumaliza mega hainufaiki.

Matangazo yakitokea hata kivinjari kikiwa kimefungwa, mshukiwa ni programu. Na hapa kwetu programu hupita simu kwa simu, kwa Bluetooth au Xender, kwa sababu kuipakua ni ghali. WhatsApp za kuchakachuliwa ndizo zinazopendwa zaidi. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kwamba toleo la 16.80.0 la FMWhatsApp lilibeba kirusi kiitwacho Triada. Kirusi hicho huweza kuleta programu nyingine kwa siri, kuonyesha matangazo ya kioo kizima na kumwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Asiyejua hilo humlaumu muuza yuniti.

Kumpata mhalifu, shikilia kitufe cha kuzimia, kisha bonyeza kwa muda mrefu neno "Éteindre". Simu nyingi za Android zitauliza kama unataka "mode sans échec". Kubali. Katika hali hiyo programu zote ulizoongeza hulala. Matangazo yakinyamaza, basi mhalifu yumo kati yake. Washa simu kama kawaida, uanze kuondoa ile uliyoiweka mwisho. Ikigoma kuondoka, tafuta "Administrateurs de l'appareil" ndani ya "Sécurité", uivue mamlaka kwanza. Kama ni WhatsApp ya kuchakachua, nakili kando namba na ujumbe muhimu, maana mazungumzo yanaweza yasihamie kwenye ile halisi.

Kuna hali mbaya zaidi: simu inayotoka dukani ikiwa na ugonjwa. Agosti 2020 kampuni ya Upstream, pamoja na BuzzFeed News, ilifichua kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na Triada na xHelper. Upstream ilisema ilizuia miamala ya kutia shaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000. Transsion, watengenezaji wa Tecno, walimlaumu mshirika katika mnyororo wa ugavi. Na xHelper inajulikana kwa kurudi hata baada ya simu kufutwa yote, kwa hiyo mtu anaweza kumlipa fundi, akapoteza picha zake, na matangazo yakabaki palepale.

Lolote litakalotokea, usibonyeze "Nettoyer" kwenye dirisha linalokutisha, wala ile alama ya X iliyomo ndani yake, kwani huenda imechorwa tu. Funga ukurasa wenyewe kwenye orodha ya kurasa zilizo wazi. Namba ya siri ya pesa ya simu usiiandike humo kamwe. Na yuniti zikiendelea kupungua baada ya kusafisha, pigia mtandao wako uulize umeandikishwa kwenye huduma zipi, kisha waambie wazikate zote.