Blogu, Mlisho na Insha ya Mwanafunzi wa Shule ya Msingi

Insha ya mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Kenya aghalabu huwa na msomaji mmoja tu: mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, insha ilitengewa alama 40, na mwanafunzi alimwandikia mtahini asiyemjua ambaye hangemjibu kamwe. Si ajabu basi kwamba methali hurundikwa katika aya ya kwanza na jua huchomoza kwa namna ile ile katika kila daftari. Blogu inaweza kuivunja desturi hii.

Blogu ni tovuti ambayo maandishi yake hupangwa kwa tarehe, jipya likitangulia. Kwa Kiswahili, Ndesanjo Macha wa Tanzania ni miongoni mwa waliotangulia, kwa blogu yake ya Jikomboe.

Kipengele kinachosahaulika ni mlisho. Kila andiko jipya linapochapishwa, blogu huorodhesha kichwa, tarehe na anwani yake katika faili maalumu. Programu ya kusomea milisho hulipitia faili hilo mara kwa mara na kumletea msomaji yaliyo mapya. Utaratibu huu, uitwao RSS, ulizuka mwaka wa 1999. Wengi walidhani umekufa Google ilipoifunga Google Reader mwezi wa Julai 2013, ilhali Blogger na WordPress zingali zinazalisha milisho hadi leo. Mtafiti anayefuatilia blogu 20 za fasihi hahitaji kuzizungukia moja moja. Wala hachaguliwi cha kusoma, kama ilivyo katika mitandao ya kijamii. Hali kadhalika, mwalimu wa wanafunzi 40 huona mahali pamoja nani ameandika na lini.

Mfano wa kuzingatiwa unatoka Scotland. Mwaka wa 2012, Martha Payne, msichana wa miaka 9, alianza blogu ya NeverSeconds kuhusu chakula cha mchana shuleni mwake. Alipiga picha ya sinia, akakipa chakula alama, akahesabu matonge na hata nywele zilizopatikana ndani yake! Halmashauri ya eneo lake ilipomkataza kupiga picha mwezi wa Juni, wasomaji walilalamika na katazo likaondolewa upesi. Michango yao kwa shirika la Mary's Meals, linalowalisha watoto shuleni, ilipita pauni 100,000. Kwa mwalimu wa insha, hata hivyo, lililo muhimu zaidi ni zile nywele. Mtoto aliyejua kwamba anasomwa alitazama kilichokuwa mbele yake na kukitaja kwa jina.

Jambo hili lina hatari zake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kushughulikiwa. Inafaa darasa liwe na blogu moja, wanafunzi watumie lakabu kama walivyofanya malenga wengi magazetini, picha za nyuso ziachwe, na maoni yapitie kwa mwalimu kwanza. Pasipo na kompyuta za kutosha, insha huandikwa daftarini na mbili tatu zikapigwa chapa kwa simu ya mwalimu kila juma. Darasa jirani nalo likijibu, mwandishi hulazimika kutetea alichosema, kama washairi wanaojibizana gazetini.