Fidia Si Adhabu: Hukumu ya Intaneti Iliyotumiwa Kupita Kiasi

Miongoni mwa masuala ya zama hizi ni hili: mwenye duka amemwachia kijana wake simu ya kazi, naye akaitumia usiku kutazama filamu. Kifurushi kikaisha, kisha salio la shilingi 12,000 likaliwa kwa bei ya nje ya kifurushi, ambayo ni ya juu mno. Mwenye duka anataka kumkata mshahara wa mwezi mzima ili liwe fundisho. Je, yajuzu?

Tunasema, na tawfiki ni ya Allah: kijana amekosa, kwani simu ile ni amana. Wala asiseme kuwa intaneti haishikiki kwa mkono, basi si mali. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi manfaa nayo ni mali, na mwenye kuitumia bila ya idhini hudhamini. Basi alipe thamani ya kifurushi na zile shilingi 12,000. Dhamana yakomea hapo.

Kinachozidi hapo si fidia tena, ni adhabu. Na taaziri ni ya kadhi, si ya mdai. Tena wanazuoni wengi wamekataa hata kadhi kutoza mali kuwa ni taaziri. Mwajiri anaweza kumwonya au kumwachisha kazi kwa mujibu wa mkataba, lakini ujira wa kazi iliyokwisha fanywa ni haki ya kijana, na Mtume (s.a.w.) ametahadharisha vikali juu ya anayeuzuia.

Mizani hiyo hiyo yaihusu kampuni ya simu. Bei iliyopanda ghafla bila ya mteja kujua haina ridhaa, na biashara ni kwa kuridhiana. Afrika Kusini, tangu mwaka 2019, kanuni zinailazimu kampuni kumjulisha mteja kifurushi kinapofika asilimia 50, 80 na 100, wala isimtoze bei ya nje ya kifurushi mpaka akubali.

Ama faini za mkataba, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika azimio namba 109 lililotolewa Riyadh Septemba 2000, liliziruhusu isipokuwa katika deni, kwani hapo ni riba. Tena asiyepata hasara hana cha kudai, na mahakama inaweza kuipunguza faini iliyopindukia.

Basi kila mdai, awe tajiri wa duka au kampuni, ajiulize: nimepoteza kiasi gani? Atakachochukua zaidi ya hicho, yeye ndiye atakayeulizwa.

Wallahu a'lam.